Hiyo Moto ya Kifua Si Alsas: Kile Asidi Inafanyia Umio Wako Kisiri

Saa tano usiku. Umeshuka mathree, ukapitia base ya mutura, ukaongeza smokie mbili na kachumbari yenye pilipili ya kutosha, ukafika keja na soda baridi. Ukamanga haraka juu kesho kuna wera, kisha ukajitupa kwa kitanda simu ikiwa mkononi. Kabla hata video ya tatu iishe, kitu inaanza kupanda. Inatoka chini ya mbavu, inakuja na moto mpaka kooni, na mdomo unajaa maji chungu. Unakaa wima. Unalaani pilipili. Unatafuta Eno.

Asubuhi ukiambia wasee, jibu ni moja tu: "Hizo ni alsas." Mathe atakwambia alsas. Makanga atakwambia alsas. Hata yule jamaa wa kemisti anaweza kukuuzia dawa ya alsas bila kukuuliza swali hata moja.

Sasa tulia nikushow kitu. Mtaani alsas imekuwa jina la kila kitu inachoma kati ya shingo na kitovu. Lakini alsas zenyewe ni vidonda vya tumbo, na vinakaa ndani ya tumbo ama mwanzo wa utumbo mdogo. Ile moto inapanda kifuani ukilala ama ukiinama kufunga kamba ya viatu, mara nyingi ni kiungulia: asidi ya tumbo imerudi juu, mahali haifai kuwa. Na hapo anayeumia si tumbo, ni umio.

Na kuna maneno hatuambiwi. Ile uchungu unaskia si kipimo cha kuaminika cha kile kinaendelea ndani. Kuna watu wanachomeka kila siku na umio wao ukipigwa kamera unaonekana fiti kabisa. Kuna wengine waliacha kuskia moto miaka mingi iliyopita, wakadhani wamepona, kumbe ndani seli zimebadilika. Ndiyo uelewe hii, lazima tushuke mpaka kwa seli zenyewe, vitu jicho haliwezi kuona.

Paipu ya sentimita 25

Umio ni ile paipu inatoa chakula kooni na kukipeleka tumboni. Kwa mtu mzima iko na urefu wa kama sentimita 25. Ndani imepakwa utando laini, wa rangi ya pinki iliyofifia. Utando huo umetengenezwa na seli bapa zimepangwa safu juu ya safu, kama chapo za kibandani zimewekwa moja juu ya ingine kwa hotpoti. Hiyo mpangilio imekusudiwa msuguano: mfupa wa samaki, ugali kubwa haujatafunwa vizuri, chai. Seli za juu zikikwaruzwa zinatoka, na za chini zinapanda kuchukua nafasi yao. Kila siku, maisha yako yote.

Tumbo nalo ni hadithi ingine. Utando wake uko na seli ndefu, zimesimama wima kwa safu moja, na zinatoa ute mzito wa kujikinga. Na inahitaji hiyo kinga, juu ile asidi inakaa humo si mchezo. Kwa kipimo cha pH, maji safi ni 7. Tumbo ikiwa haina chakula, asidi yake inaweza kushuka mpaka kati ya 1 na 2. Na kumbuka hesabu ya hiyo kipimo: kila namba moja ukishuka, ukali unazidi mara 10. Juu ya hiyo kuna pepsini, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunja protini. Inasaidia kusaga ile nyama umekula. Shida ni kwamba umio wako pia ni nyama.

Mahali hizi tando mbili zinakutana kuna mstari wa mpaka, umejipinda kama herufi Z. Juu ya mstari ni umio, pinki hafifu. Chini ni tumbo, nyekundu kiasi. Kwa mtu fiti, mstari unaonekana wazi na kila mtu anakaa upande wake.

Geti inayolegea

Kwa huo mpaka kuna msuli wa mviringo, geti yako. Ukimeza inafunguka, chakula kinapita, inafunga. Ukibeua inafunguka kidogo hewa itoke. Hata watu wazima wa afya huwa na asidi kidogo inarudi mara kadhaa kwa siku, haswa baada ya kula, na hawajui. Mate unameza yanaosha, umio unajikaza na kusukuma chini, maisha yanaendelea.

Noma inaanza geti ikilegea mara nyingi kupita kiasi. Ukishiba sana tumbo inavutika na geti inaachilia. Pombe inalegeza. Sigara inalegeza. Chakula yenye mafuta mengi inakaa tumboni muda mrefu. Kitambi kinasukuma tumbo kutoka chini, na mimba inafanya hivyo pia, pamoja na homoni zinalegeza misuli. Kuna wengine kipande cha tumbo kimepanda juu kidogo kupitia tundu la kiwambo, ule msuli wa kupumulia unatenganisha kifua na tumbo, na geti ikapoteza mhimili wake.

Usiku ndio mbaya zaidi. Ukilala humezi mate sana, na hata mate yenyewe hupungua. Ile nguvu ya kuvuta vitu chini nayo haikusaidii tena juu umelala flati. Asidi ikipanda inakaa hapo muda mrefu. Ndiyo maana ile mutura ya saa tano si sawa na mutura ya saa kumi na moja jioni, hata kama ni kipande kile kile.

Ukiangalia na hadubini

Daktari akitaka kujua ukweli, anapitisha kamera nyembamba kooni, hiyo inaitwa endoskopi, na anaweza kung'oa vipande vidogo vya utando. Hivyo vinapelekwa labu, vinakatwa vyembamba sana, vinapakwa rangi ya zambarau na pinki, kisha vinawekwa chini ya hadubini. Kwa umio unaosumbuliwa na asidi, mtaalamu anatafuta ishara kadhaa.

Ya kwanza ni nyufa. Kwa kawaida seli za umio zimeshikana kama matofali na simiti. Asidi ikizoea kuja, zile nafasi kati ya seli zinaanza kupanuka. Hakuna kidonda. Hakuna damu. Ukipitisha kamera hutaona kitu. Lakini sasa maji ya asidi yanaweza kupenya katikati ya matofali mpaka mahali mishipa ya fahamu iko. Hii ni moja ya sababu kubwa mtu anaweza kuchomeka vibaya na bado akaambiwa umio wake uko sawa.

Ya pili ni fujo kwa safu ya chini kabisa. Hapo ndipo seli mpya zinazaliwa. Kawaida hiyo safu inachukua kama asilimia 15 ya unene wote wa utando. Ikiskia juu kunaharibika, inaanza kuzaa kwa haraka, na inanenepa. Ni kama fundi ameambiwa nyumba inabomoka, akaita vibarua wengi usiku mmoja.

Ya tatu ni vile vidole. Chini ya utando kuna vidole vidogo vya nyama vinainuka kuelekea juu, na ndani yake kuna mishipa midogo ya damu. Kwa mtu fiti vinafika katikati hivi ama kupita kidogo. Kwa mtu wa kiungulia vinarefuka, vinakaribia juu kabisa. Damu inakuja karibu na vita.

Ya nne ni askari. Chembe nyeupe za damu zinaingia ndani ya utando: limfosaiti, eosinofili, na mambo yakizidi, neutrofili. Hizi zinaonyesha mwili umetangaza hali ya hatari.

Ya tano sasa ndiyo ile kila mtu anafikiria akiskia neno kuharibika: ngozi ya juu imetoka, kidonda kiko wazi. Hapa hata kamera inaona. Madaktari wanapima ukubwa wake kwa gredi kutoka A, vidonda vidogo, mpaka D, vidonda vimezunguka karibu umio wote. Vikipona na kovu mara kwa mara, umio unaweza kuwa mwembamba mpaka chakula kikwame.

Lakini usikimbie kudai ung'olewe kipande. Hizo ishara nne za kwanza si za kiungulia pekee, na hata watu wasio na shida yoyote wanaweza kuwa nazo kidogo hapo chini karibu na mpaka. Ndiyo maana mtu wa kiungulia cha kawaida haitishwi vipande vya labu. Vinatumika pale daktari anashuku kitu ingine. Mfano ni ule ugonjwa wa mzio ambapo umio unajaa eosinofili: 15 ama zaidi kwa eneo moja la hadubini. Mtu wa aina hiyo chakula kinakwama, na dalili zake zinaweza kufanana na za kiungulia.

Kumbe si kuchomeka tu

Kwa miaka mingi hadithi ilikuwa rahisi. Asidi inamwagikia utando, inaunguza kutoka juu, kama maji ya betri ikidondokea jinzi. Halafu askari wanakuja kusafisha.

Mwaka 2016 watafiti wa Dallas, Marekani, walichapisha kitu ilitikisa hiyo hadithi. Walichukua wagonjwa 12 ambao kiungulia chao kilikuwa kimewahi kuwa kikali na kikapona kwa dawa. Wakawaomba wasimamishe dawa kwa wiki mbili, na wakachukua vipande vya utando kabla, baada ya wiki moja, na baada ya mbili. Kama hadithi ya zamani ilikuwa kweli, uharibifu ungeanza juu na neutrofili zingekuwa za kwanza kufika.

Haikuwa hivyo. Walioingia kwa wingi walikuwa limfosaiti, haswa zile za kundi la T. Safu ya chini ilikuwa imeshaanza kunenepa, na kwa vipande vingi ngozi ya juu haikuwa imeungua. Yaani inaonekana yale majimaji yanayorudi yanafanya seli zitume ujumbe wa kemikali, kinga ya mwili inaitika, na hiyo kinga yenyewe inashiriki kuleta uharibifu. Watu 12 ni wachache, na hiyo haifungi mjadala. Lakini inakuonyesha kwamba hii kitu ni zaidi ya "nimekula pilipili ikaniunguza". Na kumbuka, ni wiki mbili tu.

Keja ikifurika kila mvua

Sasa tufike mahali panafaa kukufanya ukae kitako.

Fikiria unaishi keja ya chini, na kila mvua ikinyesha maji inaingia. Mwaka wa kwanza unaanika kapeti. Mwaka wa pili unaanika tena. Wa tatu umechoka, unatoa kapeti unaweka tailsi. Sasa maji ikiingia unapiga dekio na maisha inasonga. Umesuluhisha? Kiasi. Lakini maji bado inaingia.

Umio wa watu wengine unafanya hivyo hivyo. Baada ya miaka mingi ya asidi, zile seli bapa zinaachana na hiyo kazi, na mahali pake zinaota seli ndefu za kusimama, zinafanana na za utumbo. Katikati yake kuna seli zimevimba kama glasi ya mvinyo, zimejaa ute. Hizo ndizo mtaalamu wa labu anazitafuta. Kamera nayo inaona ile pinki hafifu imevamiwa na vidole vyekundu vinapanda kutoka mpaka wa Z.

Hali hiyo inaitwa umio wa Barrett. Norman Barrett alikuwa daktari wa upasuaji mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi London. Mwaka 1950 aliandika kuhusu hizi paipu zenye utando wa ajabu, na akakosea: alidhani ni tumbo imevutwa juu kifuani kwa sababu mtu alizaliwa na umio mfupi. Mwaka 1953 Philip Allison na Alan Johnstone wakaonyesha kwamba zii, huo ni umio wenyewe, ni utando tu umebadilika. Kufikia 1957 Barrett alikuwa amekubali. Jina lake likabaki.

Uchungu ukipotea

Utando mpya unavumilia asidi vizuri kuliko ule wa zamani. Kwa hivyo mtu mwenye Barrett anaweza kuskia moto kidogo kuliko mwanzo, ama asiskie kabisa. Anaambia watu amepona. Anarudi kwa nyama choma na bia bila wasiwasi. Na asidi bado inapanda kila usiku.

Shida ni kwamba hizo seli mpya ziko na uwezekano wa kuendelea kubadilika: mwanzo kidogo, halafu sana, halafu saratani ya aina inaitwa adenokasinoma. Usipanik. Wengi wenye kiungulia hawapati Barrett, na wengi wenye Barrett hawapati saratani. Kwa mtu ambaye seli zake hazijaanza vurugu, uwezekano ni chini ya mtu 1 kwa kila 100 kwa mwaka. Na hii maneno huwapata zaidi wanaume, watu wamepita miaka 50, wavutaji sigara, watu wenye kitambi kikubwa na wale ambao kiungulia kimewakalia miaka mingi. Kwa Wazungu ni kawaida kuliko kwa Waafrika. Lakini zile hatua za katikati zikionekana mapema zinaweza kuondolewa kupitia kamera, hata kwa kuunguza ule utando mbaya kwa mawimbi ya redio, bila kupasua kifua.

Kwa hivyo ukiskia mtu anasema "yangu iliisha yenyewe", mwulize swali moja: ulibadilisha kitu, ama uliacha tu kuskia?

Hapa kwetu kuna nyoka mwingine

Kuna kitu hatuwezi kuruka. Kenya ni moja ya nchi ambazo saratani ya umio inasumbua sana. Iko kati ya zile zinaua watu wengi zaidi hapa, na ni sehemu ya ukanda unapita Afrika Mashariki mpaka kusini mwa bara. Kule Bomet, hospitali ya Tenwek imekuwa ikitibu wagonjwa wengi wa aina hii, na madaktari wake wameandika kuhusu wagonjwa wachanga, wengine hata hawajafika miaka 30.

Lakini skia vizuri: nyingi ya hizo si ile saratani ya kiungulia. Ni ya aina ingine, inaanza kwa zile zile seli bapa za kawaida. Inahusishwa na pombe, tumbaku, na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile liko chini ya WHO, liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwa kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaleta saratani. Shida hapo si majani ya chai wala maziwa, ni ule moto. Ile chai mathe anamimina ikichemka na unaivuta hapo hapo kuonyesha wewe ni mwanaume, ipe dakika kadhaa.

Kwa nini nimeileta hii kwa stori ya kiungulia? Juu dalili ya saratani hizo mbili ni moja, na mtaani tunaiita alsas. Chakula kinaanza kukwama. Mwanzo ugali na nyama, halafu wali, halafu uji. Mtu anakonda, anaongezewa dawa ya alsas, anaambiwa apunguze mawazo. Akifika kwa kamera, miezi imeenda. Kukwama kwa chakula si alsas. Rudia hiyo kwa mbogi yako.

Dawa ziko, lakini zijue

Zile za haraka, kama Eno na tembe za kutafuna, zinatuliza asidi imeshafika. Kazi yake ni ya muda mfupi, na si za kunywa kila siku kama soda; zingine ziko na chumvi nyingi ya sodiamu, mbaya kwa mtu wa presha. Zile za maji mazito zenye alginati zinatengeneza povu inaelea juu ya tumbo kama kifuniko.

Halafu kuna zile za kuzima pampu za asidi, kama ile imeandikwa omeprazole kwa pakiti. Hizi ndizo zinapea utando nafasi ya kupona kikweli: askari wanatulia, zile nafasi kati ya seli zinajifunga, vidonda vinakauka. Lakini wengi wetu tunazitumia vibaya. Tunameza usiku baada ya kuchomeka, moto ukiendelea tunasema dawa ni feki. Hiyo dawa inamezwa kama dakika 30 kabla ya chakula cha kwanza cha siku, na inachukua siku kadhaa kufanya kazi vizuri. Pia ukiitumia muda mrefu kisha ukaikata ghafla, asidi inaweza kurudi kwa fujo kwa muda. Kama umejinunulia na wiki mbili zimepita bado unachomeka, wacha kujitibu, ona daktari. Na kama daktari ndiye alikupea, usiache bila kumwambia.

Kitu ya mwisho kuhusu dawa: zile za maumivu za jamii ya ibuprofen na diclofenac, ambazo tunameza kama njugu tukiumwa na mgongo, zinaweza kuumiza tumbo na umio. Na tembe yoyote ukimeza bila maji na ulale papo hapo, inaweza kukwama na kuchoma utando. Meza na glasi nzima, ukiwa umekaa ama umesimama.

Vitu za kubadilisha leo

Kula mapema. Masaa matatu kati ya chakula na kitanda ndio mpango. Kama wera inakutoa usiku, kula ile nzito ukiwa job mapema, ukifika keja iwe kitu kidogo.

Punguza kiasi. Sahani mbili ndogo ni afadhali kuliko mlima mmoja.

Inua kichwa cha kitanda. Weka matofali chini ya miguu ya upande wa kichwa, iinuke kama sentimita 15 mpaka 20. Kurundika mito hakufanyi kazi sawa, unajikunja tu tumbo na kulifinya.

Lala kwa upande wa kushoto. Tumbo limekaa vile kwamba ukilala hivyo asidi inabaki chini ya geti. Kulia ni kinyume.

Kama uko na kitambi, hata kilo kadhaa zikipungua utaskia tofauti. Wacha sigara. Pombe ipunguze, haswa ile ya kufunga usiku.

Na jijue mwenyewe. Si kila mtu anasumbuliwa na pilipili. Kwa mwingine ni kahawa, kwa mwingine chokoleti, kwa mwingine nyanya ama chips zimekunywa mafuta. Andika kwa simu wiki mbili: ulikula nini, saa ngapi, ulichomeka lini. Utaona mchezo wenyewe.

Usingoje kama:

Chakula kinakwama ama kumeza kunauma. Umekonda bila kujaribu. Unatapika damu ama kitu kama kahawa iliyosagwa. Choo ni cheusi kama lami. Umeambiwa damu yako iko chini na hakuna anayejua sababu. Hizo zote ni za daktari na mara nyingi ni za kamera, hata kama uko na miaka 22.

Na kama ni kifua kinabana kama kimekaliwa na gunia, uchungu unaenda mkono ama taya, jasho baridi na pumzi fupi, hiyo usiite kiungulia. Hiyo inaweza kuwa moyo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ukichomeka mara moja baada ya harusi ya beshte, hiyo ni harusi tu. Lakini kama ni mara mbili ama zaidi kwa wiki, na imeendelea wiki kadhaa, kuna vibarua wanajenga na kubomoa ndani ya ile paipu kila usiku ukiwa umelala. Wanaweza kukurekebishia kila kitu vizuri, ukiwazimia tu hiyo asidi mapema. Leo usiku, kabla ya kuitisha mutura ya pili, angalia saa.